Euro 992 kwa Mwezi: Bajeti ya Mwanafunzi wa Kigeni Ujerumani Ilivyoundwa na Inapovunjikia

Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na anayeomba viza ya masomo nchini Ujerumani hutakiwa kuthibitisha kwamba anazo euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka mmoja, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Kwa wasio na ufadhili, mojawapo ya njia kuu za kuthibitisha hivyo ni ile iitwayo kwa Kijerumani Sperrkonto, ambayo katika uchambuzi huu itaitwa akaunti ya zuio: akaunti ambayo mwanafunzi huijaza fedha kabla ya kuondoka kwao, lakini haruhusiwi kuzichota ila kwa mafungu ya kila mwezi baada ya kufika na kujisajili. Kwa kuwa kiasi hicho hutajwa katika kila karatasi ya maelekezo, familia nyingi za Nairobi, Arusha au Mombasa huichukua euro 992 kuwa ndiyo gharama ya kuishi Ujerumani, zikapanga mwaka mzima juu yake. Kiasi hicho hakikukokotolewa kwa ajili ya mgeni, na anayejua kilikotoka hupanga bajeti ya namna nyingine kabisa.

Asili yake imo katika kifungu cha 2 cha sheria ya ukaazi wa wageni, kinachosema kwamba mwanafunzi huhesabiwa kuwa ana riziki ya kutosha iwapo fedha zake za mwezi zinalingana na kiwango kinachotolewa na sheria nyingine, yaani sheria ya serikali ya shirikisho ya kusaidia elimu, ijulikanayo kwa ufupisho wake BAföG, iliyoanza kutumika mwaka 1971 ili vijana wa familia zenye kipato kidogo waweze kusoma vyuoni. Kiwango cha juu cha msaada huo kwa kijana asiyeishi na wazazi kimeundwa na vipande vinne, navyo ni euro 475 za mahitaji ya msingi, 380 za makazi, 102 za bima ya afya, na 35 za bima ya uangalizi, ambayo ni bima ya lazima inayogharimia matunzo ya mtu asiyejiweza kwa ugonjwa au uzee. Jumla yake ni 992. Kila bunge linapoirekebisha sheria hiyo ya ndani, kiwango cha mgeni huifuata baada ya kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na ndiyo maana kilikuwa euro 861 kwa mwezi mwaka 2021, kikapanda hadi 934 mwanzoni mwa 2023, kisha 992 mwaka uliofuata.

Kiwango hiki, basi, ni kipimo cha kisheria kilichoazimwa, na kilipoazimwa kiliacha nyuma mazingira yaliyokizunguka. Kijana Mjerumani anayepokea msaada wa BAföG aghalabu huwa na mzazi ambaye bado hupokea posho ya mtoto, iliyokuwa euro 250 kwa mwezi mwaka 2024 na ambayo haikatwi katika msaada huo. Analo koti la baridi, shuka na sufuria alizotoka nazo nyumbani. Anaye mtu wa kumdhamini mbele ya mwenye nyumba. Na mambo yakimwendea kombo, anacho chumba cha kurudia kwa treni ya saa mbili. Hata kwake yeye kiwango hicho kimelalamikiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2024 mtu mzima asiye na kazi, anayeishi peke yake na kupokea posho ya serikali, alipewa euro 563 za mahitaji ya kila siku, na juu yake akalipiwa pango halisi la nyumba ilimradi lionekane la kadiri, ilhali mwanafunzi alikadiriwa euro 475 na pango la mkupuo. Suala la iwapo kiwango cha wanafunzi kinakidhi haki ya kuishi maisha ya utu lilifika hadi Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ambayo katika uamuzi wake wa tarehe 23 Septemba 2024 ilisema kwamba katiba haimpi mwanafunzi maskini haki ya moja kwa moja ya kudai fedha za masomo kutoka kwa dola. Mgeni anayesoma uamuzi huo ana sababu ya kutoichukulia euro 992 kama ahadi ya kwamba zitamtosha.

Kipande kinachopotosha zaidi kati ya vile vinne ni cha makazi, kwa sababu euro 380 ni za mkupuo kwa nchi nzima, ilhali pango hutofautiana mno kati ya mji na mji. Mjini Munich chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana hupita euro 700 kwa mwezi, na katika baadhi ya miji ya mashariki, kama vile Chemnitz, kinaweza kupatikana kwa karibu 300. Ada ya masomo, ambayo ndiyo hofu ya kwanza ya wazazi wengi, ina uzito mdogo kuliko wanavyodhani, kwani vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka wa masomo 2017/18, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilichoanza kutoza wanafunzi wapya wa kundi hilo mwaka 2024. Uchaguzi wa mji, kwa hiyo, ni uamuzi wa kibajeti kabla ya kuwa wa kitaaluma, na anayepewa nafasi Munich na Chemnitz kwa shahada inayofanana anakabiliwa na tofauti ya zaidi ya euro 4,800 kwa mwaka katika pango pekee.

Kipande cha bima kiko karibu zaidi na ukweli. Mwanafunzi aliye katika mfuko wa bima wa umma hulipa kiwango maalumu kilichofungwa na sheria, ambacho pamoja na bima ya uangalizi hufika karibu euro 145, kikipanda au kushuka kidogo kutegemea mfuko aliouchagua, umri wake na kama ana mtoto. Lakini kiwango hicho hukoma mwishoni mwa muhula anaotimizia miaka 30. Jambo hili huwahusu Waafrika Mashariki wengi, ambao huenda kusoma shahada ya uzamili baada ya miaka kadhaa ya kazi, kwa sababu anayefika akiwa amekwisha kuvuka umri huo mara nyingi hulazimika kuingia bima ya binafsi, na ile ya bei ya chini inayouzwa kwa wageni huwa na mipaka mikubwa ya matibabu. Mstari huu wa bajeti unapaswa kuandikwa kwa umri wa mhusika, si kwa wastani.

Zaidi ya ukubwa wa kiasi, liko suala la wakati, na hapa ndipo bajeti nyingi zilizoandikwa vizuri huanguka. Fedha za akaunti ya zuio hazifunguki kwa kufika uwanja wa ndege. Mwanafunzi hupaswa kwanza kuwa na anwani, kisha kuisajili katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili za kuhamia, akiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia hapo. Kisha afungue akaunti ya kawaida ya benki, ambayo mara nyingi huhitaji usajili huo. Ndipo mtoa huduma wa akaunti ya zuio aanze kumpelekea fungu lake la mwezi. Anayeanza kwa kulala katika hosteli au kwa rafiki ambaye mkataba wake haumruhusu kusajili mgeni hukwama kwenye hatua ya kwanza, na hatua zote zilizobaki hukwama nyuma yake. Katika majuma hayo mtu huyu anazo euro karibu 12,000 kwa jina lake, na hana za kununulia mkate.

Tofauti hii kati ya kuwa na mali na kuwa na fedha mkononi wahasibu huiita suala la ukwasi, yaani uwezo wa kulipa deni siku linapodaiwa. Mfano wa kukadiria unaweza kuionyesha. Tuseme mwanafunzi amepata chumba katika mji wa bei ya kati, ambao pango lake lote ni euro 430. Pango hilo Wajerumani huligawa sehemu mbili: pango baridi, ambalo ni la chumba chenyewe, hapa 330, na gharama za uendeshaji kama joto, maji na taka, hapa 100, zikijumlishwa huitwa pango la joto, na tangazo la chumba lisiposema linataja lipi, msomaji anapaswa kuuliza. Bima ni euro 145, chakula 220, simu 10, matumizi mengineyo 60. Ada ya utangazaji wa umma, inayotozwa kila kaya iwe na runinga au haina, ni euro 18.36, nayo huweza kugawanywa kati ya wanaoishi pamoja, lakini hapa ihesabiwe nzima. Ada ya muhula, ambayo hulipwa hata pale pasipo na karo na aghalabu hujumuisha tiketi ya usafiri, ni euro 300 kwa miezi sita, sawa na 50 kwa mwezi. Jumla ni euro 933.36, na inabaki ziada ya 58.64. Kwa wastani wa mwezi, bajeti imesimama.

Mwezi wa kwanza hauna habari na wastani. Humo hulipwa pango 430, bima 145, chakula 220, simu 10 na mengineyo 60, lakini pia ada ya muhula mzima 300, vifaa vya kuanzia maisha na koti la baridi tuseme 250, na ada ya kibali cha ukaazi 100. Juu ya hayo ipo amana, yaani fedha anazowekewa mwenye nyumba kama dhamana ya uharibifu, ambayo sheria inairuhusu kufika mapango baridi matatu, hapa euro 990. Jumla ni euro 2,505, dhidi ya fungu moja la 992 ambalo huenda lenyewe halijafika. Upungufu ni euro 1,513. Katika kila mwezi wa kawaida unaofuata, usio na ada ya muhula, ziada halisi ni euro 108.64, na mwezi wa saba ada hiyo hurudi na kuila. Ukiufuata mtiririko huo hadi mwisho wa mwaka, upungufu umepungua hadi euro 618 hivi, lakini haujaisha.

Inafaa kutazama kwa makini upungufu huo wa mwisho wa mwaka, kwa sababu ni mdogo kuliko amana. Mwanafunzi huyu hakutumia kupita uwezo wake. Euro 990 bado ni mali yake, na mwenye nyumba anawajibika kuzitunza kando na fedha zake mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba mali yake imefungwa mahali pawili, katika akaunti ya zuio na katika amana, katika mwezi uleule anaohitaji fedha kuliko mwezi mwingine wowote. Dawa yake haipatikani kwa kubana matumizi ya chakula, jambo ambalo ndilo wanafunzi wengi hulikimbilia. Mtu akipunguza euro 40 za chakula kila mwezi atahitaji zaidi ya miaka mitatu kuziba pengo la 1,513 kwa kubana huko peke yake. Dawa hupatikana kwa kuhamisha wakati wa malipo. Sheria ya kiraia ya Ujerumani humruhusu mpangaji kulipa amana kwa mafungu matatu sawa ya kila mwezi, haki ambayo wageni wengi huiacha kwa kutoijua, ingawa kwa mtu anayeshindania chumba na waombaji thelathini si rahisi kuidai siku ya kutia saini. Mahesabu ya mfano huu yakifanywa hivyo, upungufu wa mwezi wa kwanza hushuka hadi 853. Dawa ya pili ni kubeba fedha nje ya akaunti ya zuio, na kama fungu la kwanza linaweza kuchelewa mwezi mzima, kiasi kinachohitajika ni euro 2,505 zote. Kwa hiyo familia inayoandaa mwaka wa kwanza inapaswa kulenga karibu euro 14,400, bila nauli ya ndege, ada ya viza ya euro 75 wala ada ya kufungua akaunti, hata kama ubalozi unadai 11,904 tu. Baadhi ya watoa huduma wa akaunti ya zuio hupokea kiasi cha ziada na kukitoa pamoja na fungu la kwanza, lakini njia hiyo haisaidii kitu ikiwa kinachochelewa ni fungu la kwanza lenyewe.

Upande wa nyumbani una hesabu yake, ambayo inakwenda kwa shilingi. Mwezi Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imedhoofika hadi zaidi ya 160 kwa dola, na euro moja ilipatikana kwa takriban shilingi 175, hivyo kiwango cha wakati huo cha euro 11,208 kilihitaji karibu shilingi milioni 1.96. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya iliuza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kupunguza deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive Juni, hofu ya soko ikatulia na shilingi ikapanda. Kufikia Septemba euro moja ilikuwa takriban shilingi 143, na kiwango kipya cha euro 11,904, ambacho kwa euro kilikuwa kimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 6, kwa familia ya Kenya kikashuka hadi karibu milioni 1.7. Katika miezi hiyohiyo shilingi ya Tanzania ilikuwa ikidhoofika, na familia ya Tanzania iliyohitaji karibu shilingi milioni 31 mwezi Januari ilihitaji karibu milioni 36 mwezi Septemba. Uamuzi uleule wa Berlin ulimkuta jirani mmoja mzigo wake ukipungua na mwingine wake ukiongezeka, na hakuna kati yao aliyeshauriwa.

Hapo ndipo akaunti ya zuio, pamoja na usumbufu wake wote, ina faida isiyosemwa sana: fedha zikishawekwa kwa euro, mwaka wa kwanza wa mwanafunzi hautikiswi tena na soko la fedha za kigeni. Anayetumiwa fedha na wazazi kila mwezi hana kinga hiyo. Hata hivyo, kuziweka kuna tundu lake dogo linalochelewesha viza nyingi, nalo ni makato ya benki za kati zinazopitisha malipo ya kimataifa. Zikikatwa euro 20 njiani, akaunti huonyesha 11,884, na uthibitisho hautolewi mpaka tofauti hiyo iletwe kwa malipo mengine yenye makato yake.

Mwaka wa pili ndio mtihani ambao karatasi za maelekezo hazielezi. Akaunti ya zuio imeundwa iishe: anayechota fungu lake kila mwezi hufika mwezi wa kumi na mbili akiwa na sifuri, na kibali cha ukaazi kinapohitaji kuongezwa muda, ofisi ya wageni humdai upya uthibitisho wa riziki kwa kiwango kinachotumika wakati huo. Kwa familia zilizokusanya mwaka wa kwanza kwa mkopo wa SACCO, yaani chama cha ushirika wa akiba na mikopo, ambacho kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, deni la kwanza linakuwa bado linalipwa pale la pili linapohitajika. Zilizofanya harambee haziwezi kuwaita ndugu walewale kwa jambo lilelile. Na zilizouza shamba zimekwisha kuliuza. Bajeti ya shahada ya miaka miwili iliyoandikwa kwa mwaka mmoja ni nusu ya bajeti, na nusu iliyoachwa ndiyo ngumu.

Nusu hiyo wanafunzi wengi huitegemeza kwa kazi. Tangu tarehe 1 Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, au hadi saa 20 kwa wiki katika kipindi cha masomo. Kwa kima cha chini cha mshahara cha mwaka 2025, euro 12.82 kwa saa, saa 20 kwa wiki zilizaa takriban euro 1,110 kwa mwezi, na zilipoondolewa asilimia 9.3 za mchango wa pensheni, zilibaki karibu 1,007, kwa kuwa mapato ya kiasi hicho kwa kawaida hayakufikia kiwango cha kutozwa kodi ya mapato. Kiasi hicho kinapita 992, na mkataba wa kazi pamoja na hati za mishahara huweza kukubaliwa na ofisi ya wageni kama uthibitisho. Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili mazito. Kazi za saa 20 za mwaka mzima kwa asiyejua Kijerumani ni chache nje ya maghala, mikahawa na usafi, na mapato yanayotarajiwa hayasaidii kwa kawaida katika maombi ya viza ya kwanza. Kwa hiyo kazi iandikwe kwenye bajeti kuanzia muhula wa pili, na kwa nusu ya saa zinazoruhusiwa. Anayeijaza bajeti ya mwezi wa kwanza kwa mshahara ambao hajaupata anajaza pengo la euro 1,513 kwa karatasi.

Upo pia mstari ambao fomu zote za vyuo zimeuacha, nao ni michango ya nyumbani. Kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki, msiba wa mjomba, ada ya mdogo wake au zamu yake katika chama cha wanafunzi wenzake huja bila taarifa na haikataliki kirahisi, hasa pale waliomchangia nauli ndio wanaochangisha. Mwenye busara huutengea kiasi cha kudumu, hata kama ni euro 25 kwa mwezi, kwa sababu bajeti isiyoutaja huulipa kutoka kwenye chakula.

Mwisho wa masomo nao si mwisho wa hesabu. Sheria haikutaja siku maalumu ya kurudisha amana, na mwenye nyumba huweza kuishikilia kwa miezi kadhaa akikagua chumba, huku akizuia sehemu yake mpaka hesabu ya mwaka ya joto na maji itoke, hesabu ambayo anao muda wa miezi 12 baada ya kipindi chake kwisha kuiwasilisha. Joto likiwa limetumika kupita makadirio, euro 990 zinaweza kurudi zimepungua kwa mamia. Ada ya utangazaji huendelea kudaiwa mpaka mhusika ajiondoe mwenyewe, na anayefunga akaunti yake ya benki siku ya kuondoka hana mahali pa kupokelea fedha zake zilizobaki Ujerumani.